Siku Niliyoliita Bovu Gitaa Lisilo na Kichwa

Nilitia mkono ndani ya lile begi mpaka kwenye kiwiko, nikapapasa kona zote, halafu nikaligeuza juu chini na kulikung'uta. Nilikuwa natafuta kichwa cha gitaa, ile ncha ya shingo yenye funguo za kukazia nyuzi. Binti aliyelileta alisimama pembeni amejiziba mdomo, sijui kwa adabu au kwa kuzuia kicheko.

"Kichwa kiko wapi?" nikamuuliza.

"Halina, babu."

"Najua halina, si ninaliona? Nakuuliza kiko wapi."

"Babu, limetengenezwa hivyohivyo. Halina kichwa tangu kiwandani."

Vijana wangu, ninyi mnaopiga besi makanisani, kwenye harusi na kwenye vikundi vya taarabu, nichekeni tu. Ninyi mmezaliwa mkaikuta simu, na kwenye simu mmeshaona magitaa ya kila aina. Mimi nimeshika besi tangu sina ndevu mpaka ndevu zimekuwa nyeupe, nimetengeneza magitaa Lindi na hapa Kilwa Masoko kwa miaka ambayo sina haja ya kuihesabu, na siku ile nilikaa kwenye kigoda changu kama mtu aliyeletewa kuku asiye na kichwa akaambiwa huyu anataga. Nawasimulia kwa sababu siku hiyo nilifanya kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyafanya katika kazi hii. Makosa mengine nitawaambia pia, lakini hayo ni ya kuchekesha.

Binti anaitwa Bertha. Anapiga besi kwenye kwaya ya kigango kimoja cha milimani, huko unakopanda ukitokea Tingi, na ni mkulima kama wenzake wote wa kwaya ile. Gitaa lao la zamani nililijua kuliko ninavyolijua kabati la nyumbani kwangu, maana nililiunga mara mbili. Wanakwaya wale huzunguka vigango kwa pikipiki, mpiga besi kafungiwa gitaa mgongoni, kichwa cha gitaa kimechomoza juu ya bega lake, na barabara zenyewe mnazijua. Pikipiki ikilala, cha kwanza kufika chini ni kichwa cha gitaa. Mara ya kwanza nililiunga kwa gundi ya mbao na skrubu mbili. Mara ya pili nikaongeza kipande cha bati. Mara ya tatu Bertha aliniletea vipande ndani ya mfuko wa salfeti, nikamwambia, mwanangu, hapa tumefika mwisho.

Basi kwaya ikalima. Wana shamba lao la ufuta, wanalipalilia kwa zamu baada ya mazoezi, na mwaka ule mavuno yote yalikwenda kwenye gitaa jipya. Bertha ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua kwa kuwa ndiye mpigaji. Akachagua lisilo na kichwa kwa sababu moja tu, kwamba kama kichwa hakipo, hakuna cha kuvunjika. Hiyo ni akili, tena akili ya mtu anayeijua barabara yake. Lakini begi lilipofunguliwa mbele ya wanakwaya, akina mama walishika vichwa vyao wenyewe. Mwenyekiti wao, Mzee Deogratias, alisema wametapeliwa, wameuziwa gitaa lililokatika likapakwa rangi mahali pa kukatika. Wapo walionong'ona kwamba Bertha kala njama na muuzaji.

"Mwenyekiti kasema tukuletee wewe, babu," Bertha aliniambia. "Ukisema zima, tunabaki nalo. Ukisema bovu, linarudi lilikotoka, na mimi besi basi. Nitawatazamaje wenzangu? Wamelima kwa jembe, mimi nimeenda kuwanunulia kisiki."

"Liache hapo," nikamwambia. "Mimi sisemi kitu mpaka nimelifungua."

Ngoja kwanza niwaambie sisi tulifundishwaje, ili mjue upumbavu wangu ulikotoka. Mimi ni mtoto wa Kilangala, nimekulia kwenye mikorosho ya baba. Nilikwenda Lindi nikaingia kwenye bendi ya dansi, siyo kama mpigaji, kama mbeba spika. Mpiga besi wao alikuwa Mzee Selemani, mtu mkali, mrefu, asiyependa maswali. Nyuzi za besi siku hizo zilikuwa hazipatikani. Uzi ukikatika tulipita kwa fundi baiskeli kuomba waya wa breki. Waya wa breki unalia, msinibishie, ila unakula vidole mpaka unashindwa kushika tonge. Nyuzi zilizochoka tulizichemsha. Unazitoa, unaziviringisha, unazitia kwenye maji yenye magadi kidogo, zinachemka mpaka jasho na uchafu vinatoka, unazianika, na kwa wiki nzima zinalia kama mpya.

Mara ya kwanza kufanya hivyo nikiwa na nyumba yangu, nilichukua sufuria ya mke wangu bila kumwambia. Nikaisugua vizuri, nikairudisha mahali pake, nikajiona mjanja. Mchana ule wali ulikuwa na ladha ya chuma. Mama Zaituni akala matonge mawili, akanitazama.

"Baba Zaituni, leo tunakula besi?"

Sufuria alinipa moja kwa moja, akasema asiione tena jikoni kwake.

Lakini jambo kubwa alilonifundisha Mzee Selemani lilikuwa taya. Ukumbini watu wanapiga kelele, wahudumu wanagonganisha chupa, mpiga ngoma anajaribu matoazi yake, na wewe unatakiwa upatanishe nyuzi. Mzee Selemani alikuwa anainama, anaweka taya lake juu ya kichwa cha gitaa, anagusa nyuzi mbili kwa pamoja, halafu anageuza ufunguo polepole amefumba macho. "Humu ndani sikio halikusaidii," aliniambia. "Sikiliza kwa mfupa." Nyuzi mbili zikiwa hazijapatana, zinatetema kwa kupokezana, wa-wa-wa-wa, haraka haraka. Unavyozidi kukaribia, ile wa-wa inapunguza mwendo, inakuwa waa, waa, mwisho inatulia kabisa. Hapo zimepatana. Yote hayo unayapata ndani ya meno. Jaribuni leo kwenye magitaa yenu yenye vichwa, mtaona ninachosema.

Nikaishika ile tabia, ikaniganda. Hata nikiwa peke yangu karakanani, mchana kweupe, hakuna kelele hata ya inzi, taya langu lilikuwa juu ya kichwa cha gitaa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilidhani ni mazoea tu, kama mtu anayevuta kofia yake kila akitaka kusema.

Turudi kwa Bertha. Lile gitaa, shingo inafika mahali inaishia tu, kwenye kipande cha chuma chenye matundu manne na skrubu nne ndogo. Nyuzi zinapitia hapo, zinabanwa, zinakatwa. Funguo za kukazia zimehamia upande wa pili kabisa, nyuma ya daraja linalobeba nyuzi, mahali ambapo maisha yangu yote nimepumzisha kiganja. Nikaligeuza, nikaligeuza tena. Nilikuwa kama mgeni kwenye kazi yangu mwenyewe, na hilo lilinishtua kuliko ule ukosefu wa kichwa.

Ndani ya begi kulikuwa na nyuzi za akiba, nikaamua kuzibadilisha. Sikilizeni hapa wale mtakaokutana nalo. Kwenye gitaa la kawaida uzi unauzungusha kwenye ufunguo, na ncha inayozidi unaikata ukipenda. Mimi nikaupitisha uzi mwembamba kwenye tundu, nikaona ncha inaning'inia vibaya, nikaikata kwanza kwa usafi wa macho, ndipo nikashika skrubu. Uzi ukachomoka, ukarudi nyuma, na nilipoutazama ulikuwa umepungua upana wa kidole. Haufiki tena.

"Babu, umeukata?"

"Nimeujaribu," nikasema, nikaangalia dirishani.

Nikaurudisha ule wa zamani kimyakimya. Kwa hiyo bana kwanza, vuta, kaza mpaka ulie, ukiona umeshika ndipo ukate. Na shingo ikiwa imepinda, maana hapa Masoko hewa ya chumvi haina huruma na mbao, kuna chuma kirefu ndani yake kinachokazwa kwa kile kifunguo kilichopinda ambacho kila fundi pikipiki anacho. Geuza robo mzunguko tu, halafu liache, ukanywe chai. Mbao haipendi kuharakishwa. Hilo nililifanya vizuri, na shingo ikanyooka.

Kisha nikavaa mkanda, nikasimama. Jamani. Besi zote nilizozijua, shingo inataka kulala chini, na kazi ya kwanza ya mkono wa kushoto ni kuizuia, kupiga kunafuata baadaye. Bega langu limeshuka upande mmoja kwa ajili hiyo, fundi cherehani hunishonea kanzu kwa kulikadiria. Hili nikaliachia mkono, likakaa palepale. Nikaliinua, nikaliachia tena. Likakaa. Nikamtazama Bertha, naye akanitazama kwa furaha kama vile amelizaa yeye.

Nikaliunganisha kwenye spika ndogo, nikaanza mwendo mmoja wa zamani. Mkono ukataka kurudi mwanzo wa shingo, ukapitiliza, nikashika hewa. Kumbe miaka yote nilikuwa napima mwanzo wa shingo kwa kukiona kichwa kwa pembe ya jicho, bila kujua kwamba napima. Bertha alicheka safari hii bila kujiziba mdomo. Mimi pia nilicheka. Nikarudia, nikashika hewa tena. Mara ya tatu mkono ukaelewa, na sauti iliyotoka ilikaa muda mrefu, nene, iliyonyooka.

Nawaambia kweli, niliona wivu. Nilifikiria lile gogo nililobeba tangu ujana, mgongo wangu, bega langu, na huyu binti wa juzi anaanza kazi na kitu chepesi namna hii. Sijui kama wivu ule ulichangia yaliyofuata. Nadhani ulichangia.

Ikabaki kazi ya mwisho, kupatanisha nyuzi. Nikainama kama kawaida, taya likashuka, halikukuta kitu. Nikajaribu kuliweka kwenye kile kipande cha chuma cha mwisho wa shingo, skrubu zikanichoma kidevu.

"Kuna kile kidude cha kubana kichwani, kinasoma sauti," Bertha akasema, "ila na chenyewe sasa hakina pa kubana. Nipime kwa simu, babu?"

"Simu ya nini na mimi nipo?"

Nikakaa wima, nikageuza zile funguo za nyuma kwa sikio langu. Niliporidhika nikampa. Alipiga nyuzi mbili, akasimama.

"Babu, samahani. Mbona hizi zinagombana?"

Nikalichukua, nikakaza upya. Akapiga, akatikisa kichwa kwa heshima. Nikarudia mara ya tatu. Akatoa simu yake, akaisogeza karibu na gitaa. "Babu, simu inasema uzi mnene uko chini sana."

Hapo damu ikanipanda. "Simu hiyo imezaliwa lini? Mimi nimekaza nyuzi kabla mama yako hajaolewa!"

Akairudisha simu mfukoni. Mimi kwenye akili yangu nilikuwa na mshtakiwa mmoja tu. Masikio yangu yalikuwa yamenilisha miaka yote, sasa nianze kuyashuku kwa ajili ya kijigitaa kisicho na kichwa? "Hili halishiki sauti," nikasema. "Bovu. Mwenyekiti wenu aliona mbali."

"Babu, tafadhali, lijaribu tena ..."

Sikungoja amalize. Nikampigia Mzee Deogratias palepale, simu imefunguliwa sauti mpaka mwisho kama kawaida yangu, na Bertha anasikia kila neno. Nikamwambia gitaa limezaliwa na ugonjwa, warudishe.

"Nilijua!" Mzee Deogratias akasema. "Jumamosi asubuhi nalipakia kwenye basi. Na huyo binti tutazungumza naye."

Bertha hakulia mbele yangu. Alilirudisha gitaa kwenye begi, akavuta zipu taratibu, akapiga goti kidogo, akasema, "Asante babu kwa muda wako." Akatoka. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi nikashusha besi yangu ya zamani kutoka ukutani. Nilitaka kusikia gitaa lenye akili. Nikaweka taya kichwani, nikapatanisha nyuzi, nikapiga. Mama Zaituni alikuwa hapo barazani anapepeta mchele.

"Sikia gitaa zima linavyolia," nikamwambia.

"Tamu," akasema bila kuinua macho.

Kisha kwa ubishi tu, kwa kutaka kujihakikishia kwamba lile la Bertha ndilo lenye kosa, nikasema ngoja hili nilikaze kama nilivyolikaza lile, bila taya. Nikalegeza nyuzi zote, nikakaa wima, nikazikaza kwa sikio. Nikaridhika. Nikapiga.

Mama Zaituni akaacha kupepeta. "Hiyo nayo ni nini?"

"Ni ileile."

"Ileile wapi? Hizo zinagombana. Hata mimi nisiyejua kitu nasikia zinagombana."

Neno lilelile la Bertha. Nikaweka taya, nikapatanisha, nikapiga. Tamu, akasema. Nikatoa taya, nikalegeza, nikakaza, nikapiga. Zinagombana. Tulifanya hivyo mara nne, na kila mara mimi mwenyewe nilipokaa wima sikuona tofauti yoyote. Kwangu zote zilikuwa sawa.

Mke wangu akaweka ungo chini, akaja kukaa karibu nami. "Baba Zaituni, wewe husikii. Redio unaifungua mpaka majirani hawahitaji ya kwao. Jana yule binti kapiga hodi mpaka nikamwonea huruma, mimi ndiye niliyemwambia apite. Nilidhani unajua."

"Sikujua."

"Hukujua?"

Sikujua, vijana wangu. Aliapa kwamba hata kwenye simu huwa ananiitikia yeye mambo mawili matatu, na mimi nilidhani ananiingilia mazungumzo. Msikitini watu walikuwa wakinisifu kwa kuwahi safu ya mbele kila Ijumaa, nami nikazipokea sifa zile, kumbe nilikuwa nafuata sauti ya hotuba. Miaka yote nimesimama kushoto kwangu matoazi, nyuma yangu spika, na masikio yakaondoka kidogo kidogo bila kuaga. Taya likafanya kazi ya masikio, nami nikawa nayasifu masikio. Nilitengeneza magitaa ya nusu ya wilaya nikidhani nakaza kwa sikio.

Niliogopa. Fundi wa magitaa asiyesikia ni fundi wa nini? Na katikati ya hofu hiyo nikamkumbuka Bertha, na kwamba kesho yake asubuhi gitaa linapanda basi.

Sasa niwaambie jambo ambalo ningeweza kuwaficha. Nilifikiria kunyamaza. Nilikunywa kikombe kizima cha chai nikilifikiria. Hakuna aliyejua isipokuwa mke wangu, naye hasemi ya ndani. Nikisema, kila kwaya na kila kikundi kitajiuliza habari za gitaa lao, na mlango wa karakana yangu nitaufunga mwenyewe. Nikinyamaza, hakuna linalonipata. Bertha atarudi shambani, watamwita tapeli mwaka mmoja, miwili, kisha watasahau. Nilivyofika kwenye hilo la kusahau, chai ikanishinda. Wangesahau wote isipokuwa yeye.

Mama Zaituni akasema nipige simu. Simu ya Bertha ilikuwa imezimwa. Ya Mzee Deogratias sikuipiga. Ule ubovu niliusema kwa simu, na ndiyo maana ulikuwa mwepesi kuusema.

Jumamosi baada ya swala ya alfajiri nikapanda gari kwenda Tingi. Niliwakuta kituoni. Mzee Deogratias amesimama na lile begi, limeshonewa kiroba juu na kuandikwa jina la duka. Wanakwaya watatu wanne walikuwa naye, na Bertha amekaa pembeni kwenye jiwe, macho yamevimba.

"Mzee Hamisi!" Mwenyekiti akashangaa. "Umekuja kulisindikiza?"

"Nimekuja kulishusha. Gitaa ni zima."

"Juzi si umesema bovu?"

"Nilisema. Mbovu ni mimi. Sisikii."

Wote walinyamaza, na safari hii nina hakika walinyamaza. Mzee Deogratias akanisogelea, akapaza sauti kama ninyi mnavyowapazia vikongwe. "Husikii tangu lini?"

"Sijui. Hilo ndilo linaloniogopesha."

"Na lile gitaa letu la zamani ulilokuwa unatukazia?"

"Lile lilikuwa na kichwa. Nilikuwa nakaza kwa taya."

Mama mmoja wa kwaya akacheka, akajizuia. Nikawaeleza yote, habari za mke wangu na ungo, taya na sikio. Basi la Dar es Salaam likaja, kondakta akauliza mzigo uko wapi. Mzee Deogratias alimtazama kondakta, akanitazama mimi, akatazama begi. "Hakuna mzigo," akamwambia.

Nikaenda pale kwenye jiwe. "Bertha, mjukuu wangu, nimekukosea. Uliniambia ukweli mara tatu nikakufokea."

Hakuniambia yaishe. "Babu, mimi nililia njia nzima," alisema. "Nimefika nyumbani, mama anauliza nani kafa."

Nilistahili. Sikujitetea.

Tangu siku ile sikazi nyuzi za mtu. Naunga mbao, nanyoosha shingo, nabadilisha skrubu, na anayeleta gitaa namwambia mapema kwamba kupatanisha atafute masikio mengine. Wateja hawakukimbia kama nilivyoogopa, ingawa wapo wanaonipigia kelele hata nikiwa nawatazama midomo. Ninyi mnaosimama karibu na matoazi na spika, zibeni masikio kwa pamba, na mwende hospitali mkapimwe mngali vijana. Na mkubwa mnayemheshimu akiwaambia kitu chenu ni kibovu, mwombeni awaonyeshe kilipoharibika. Bertha angeniomba mimi hivyo, nisingekuwa na pa kuonyesha.

Siku ileile ya Jumamosi tulipanda wote mpaka kigangoni, kulikuwa na mazoezi. Bertha alikuwa kwenye pikipiki ya mbele yangu, gitaa mgongoni, na juu ya bega lake hakikuchomoza kitu. Kanisani akaliunganisha kwenye spika, akageuza zile funguo za nyuma akisikiliza, simu ameiweka mfukoni. Mimi nilikaa kwenye benchi la mbele. Wanakwaya wakajipanga, mwalimu wao akainua mikono, halafu akasita, na wote wakanigeukia. Walikuwa wamezoea, kila nilipowatengenezea gitaa, kutoanza mpaka niitikie kwa kichwa kwamba limekaa, nyuzi zimepatana.

"Vipi, Mzee Hamisi?" Mwenyekiti akapaza sauti. "Limekaa?"

"Muulizeni Bertha."

Mzee Deogratias alikohoa kidogo, akamgeukia yule binti ambaye asubuhi ile alikuwa tayari kumvua besi mbele ya watu.

"Bertha, limekaa?"

Bertha akagusa ufunguo mmoja, kidogo sana, sikujua kama alikaza au alilegeza. Akapiga uzi mmoja, akainamisha kichwa akiusikiliza mpaka ukaisha.

"Limekaa," akasema, na kwaya nzima ikaanza kuimba kwa neno lake.